Kanisa Rafiki kwa Watu Wenye Ulemavu ni Lipi?

Kila ifikapo tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, maneno "miundombinu rafiki" hujaa redioni na majukwaani. Kenya ina sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Tanzania ina ya kwake tangu 2010. Mambo haya yakifika kwenye kikao cha wazee wa kanisa au kamati ya ujenzi, maswali huwa ni yale yale: Je, na sisi yanatuhusu? Tukishajenga rampu si tumemaliza? Na hao watu wenyewe mbona hatuwaoni Jumapili?

Maswali hayo ni ya haki, na mengi hukosa jibu kwa sababu wanakikao hawazungumzii jambo moja. Mmoja akisikia "kanisa rafiki" anawaza saruji na kokoto. Mwingine anawaza unga na sukari zinazogawiwa wakati wa Krismasi. Wa tatu anawaza mkutano wa maombi ya uponyaji. Tuyatenganishe kwanza.

Maneno ya kuanzia

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo unautazama ulemavu kama jambo linalozaliwa pale hali ya mwili, hisi au akili ya mtu inapokutana na vikwazo vya mazingira na mitazamo ya watu. Mwanamke asiyeweza kutembea akifika kwenye jengo ambalo sakafu yake iko sawa na uwanja, anaingia kama wengine. Akifika kwenye jengo lenye ngazi tano, amezuiwa. Miguu yake ni ile ile. Kilichobadilika ni jengo, na jengo lilichorwa na mtu.

Ufikivu ni hali ya mahali kuwa tayari kabla mtu hajafika: anaweza kufika, kuingia, kutumia kilichomo na kuelewa kinachoendelea. Marekebisho stahiki ni kile kinachofanywa kwa ajili ya mtu fulani baada ya yeye kusema anachohitaji, mfano katekista kumtumia mwanafunzi asiyeona masomo ya kipaimara kwa sauti kwenye simu. Ujumuishi ni hatua ya mbele zaidi: mtu huyo ana nafasi na sauti, anasoma somo, anaimba kwaya, anapigiwa kura kuwa mzee wa kanisa, na anapokosekana Jumapili watu wanauliza kulikoni. Kanisa linaweza kuwa na la kwanza likakosa la tatu. Yapo majengo mazuri yenye rampu ya kupendeza na ndani yake hakuna hata mtu mmoja mwenye ulemavu anayeshika jukumu lolote.

Kuhusu sheria, jibu ni kwamba ndiyo, inatuhusu. Mkataba unataja majengo na huduma zilizo wazi kwa umma, hata zikiwa mikononi mwa taasisi binafsi. Kanisa linamfungulia mlango kila anayekuja, na mara nyingi ukumbi wake hukodishwa kwa harusi na mikutano. Lakini kusema kweli, kanisa linalosubiri kusukumwa na sheria limechelewa. Walawi 19 ilishakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani, karne nyingi kabla ya bunge lolote la Afrika Mashariki.

"Kwetu hawapo"

Hii ndiyo hoja inayozima mjadala kwenye vikao vingi. Tuitazame kwa takwimu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilipata asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata asilimia 2.2 tu ya wenye miaka 5 na zaidi. Msomaji ana haki ya kushangaa: inawezekanaje nchi jirani, zenye hospitali, barabara na magonjwa yanayofanana, zipishane kiasi hicho? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye swali lililoulizwa na mahali mstari ulipochorwa. Kenya ilihesabu wale waliosema wanapata shida kubwa sana au hawawezi kabisa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika. Babu anayesikia nusu nusu na bibi anayepanda ngazi huku ameshika ukuta hawamo kwenye hesabu hiyo, ila kwenye benchi lako la tatu wapo.

Chukua usharika wenye waumini 300 na uutazame kwa kipimo cha Tanzania. Unatarajia watu zaidi ya 30. Ukihesabu ukapata wawili, swali la kujiuliza ni wengine wako wapi. Baadhi wamo ndani ila ulemavu wao hauonekani kwa macho: kifafa, maumivu ya kudumu, uoni hafifu, ugonjwa wa akili unaotibiwa kimya kimya. Wengine wako nyumbani, wanasikiliza ibada redioni. Walikuja mara moja, wakaona ngazi, wakaona macho ya watu, hawakurudi. Kisha kamati inakaa na kusema hakuna haja ya rampu kwa sababu hakuna anayeihitaji.

Safari ya Jumapili moja

Ufikivu hueleweka vizuri ukiufuata kama safari, tangu mtu anapotoka kwake hadi anaporudi. Kamba ya kisima ikikatika mahali pamoja tu, ndoo inabaki chini hata kama kamba iliyobaki ni imara. Ndivyo ilivyo hapa: rampu safi kabisa haimsaidii mtu ambaye daladala au matatu imekataa kumpakia, wala choo kizuri hakimsaidii aliyekwama kwenye kokoto za uwanjani.

Tumfuate mama anayetumia kiti mwendo. Kutoka barabarani hadi mlangoni kuna mita 40 za changarawe. Magurudumu madogo ya mbele yanazama, na anahitaji mtu wa kumsukuma kwa nguvu. Sehemu hiyo ingetengenezwa kwa zege jembamba au vitofali vya kupanga, upana wa mita moja na nusu, tatizo lingekwisha, na akina mama wenye watoto mgongoni wangepita bila kuchafua viatu msimu wa mvua.

Kisha anafika kwenye ngazi. Hapa vijana wanne hujitokeza, wanamnyanyua yeye na kiti chake, na wengi tunaona huo ni upendo. Upendo upo. Lakini mfikirie mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyevaa kitenge chake cha ibada, akiinuliwa juu juu mbele ya umati huku mmoja akimshika kwapani na mwingine akikosea hatua. Akitaka kwenda chooni katikati ya ibada atanyanyuliwa tena. Kwa hiyo hanywi maji tangu usiku. Akitaka kubaki kwa ajili ya kikao cha akina mama, itabidi awaombe vijana wamsubiri. Wenye ulemavu wengi watakwambia kwamba kuomba msaada kila Jumapili, tena kwa watu wale wale, kunachosha kuliko njia yenyewe.

Rampu inayofaa ina kipimo chake. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu yake iwe na urefu wa mita 5.4. Mafundi wengi hujenga ya mita mbili kwa sababu nafasi ni ndogo au hawakuambiwa, na matokeo yake ni mlima ambao mtu hawezi kuupanda peke yake na akishuka anaweza kupinduka. Ikikosekana nafasi ya kwenda moja kwa moja, rampu inaweza kukunjwa, mradi penye kona pawe na sehemu tambarare ya mita moja na nusu ili kiti kigeuke. Iwe na vishikio pande zote mbili, kingo ndogo za kuzuia gurudumu lisitoke nje, na uso uliokwaruzwa. Marumaru zinazong'aa hupendeza kwenye picha za uzinduzi, lakini mvua ikinyesha zinakuwa hatari kwa anayetumia magongo.

Mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi. Ndani, jambo linalosahaulika ni mahali pa kukaa. Mama huyu akiachwa kwenye njia ya katikati, kila anayepita anagonga kiti chake, na wahudumu watamsogeza hadi nyuma kabisa ya kanisa. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: yafupishwe mabenchi mawili au matatu sehemu mbalimbali, ili akae ubavuni mwa wanawe akiwa sehemu ya mstari.

Choo ndicho kinachoamua mambo, ingawa hakizungumzwi mimbarani. Choo cha kuchuchumaa, chenye mlango wa sentimita 60 na kizingiti kirefu, kinamaanisha kwamba ibada inayochukua saa tatu haimhusu mtu asiyeweza kuchuchumaa. Chumba kimoja chenye choo cha kukaa, kishikio ukutani na nafasi ya kiti kugeuka kinatosha kwa makanisa mengi. Nacho kisigeuzwe stoo ya mafagio na viti vya plastiki, wala ufunguo wake usikae kwa mtu ambaye haonekani.

Mwisho wa safari ni mbele, madhabahuni. Zamu ya sadaka ikifika, watu hupanga mstari na kwenda mbele wakiimba. Kuna makanisa ambayo mhudumu anampita mtu aliye kwenye kiti mwendo bila kumwonyesha kapu, akidhani anamhurumia. Mtu huyo amekuja na bahasha yake, imeandikwa jina. Kumpita ni kumwambia kwamba yeye ni wa kupokea tu. Na kama mimbara ya kusomea iko juu ya ngazi nne, isogezwe chini au pawekwe maikrofoni nyingine, na zamu ya kusoma impate na yeye. Jumuiya ndogo ndogo za katikati ya wiki zizunguke kwenye nyumba zinazofikika, au zikutane kwake.

Kiziwi hahitaji sauti kubwa zaidi

Eneo hili lina mkanganyiko mwingi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Lugha ya alama si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono. Ina sarufi yake, mpangilio wake wa maneno, na sura ya uso ni sehemu ya sentensi kama vile viambishi vilivyo sehemu ya Kiswahili. Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha mbili. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha ambazo serikali inapaswa kuziendeleza, na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kwa kiziwi aliyekua nayo, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili. Kumpa karatasi ya mahubiri kunaweza kumsaidia au kusimsaidie, inategemea alivyosoma.

Dhana nyingine ni kwamba kiziwi atasoma midomo. Sauti nyingi hazitofautiani midomoni: sema "baba" na "mama" mbele ya kioo bila kutoa sauti, ujionee. Mhubiri mwenyewe anatembea huku na huko, anageuka, anashika maikrofoni mdomoni. Kinachopatikana ni vipande.

Kwa hiyo anahitajika mkalimani, na mkalimani ana mahitaji yake. Asimame karibu na mhubiri ili viziwi wawaone wote wawili kwa pamoja. Mwanga umpige usoni; akisimama mbele ya dirisha mikono yake inakuwa kivuli. Apewe masomo na nyimbo mapema, maana wimbo uliojaa mafumbo hautafsiriki papo hapo. Kazi hii inachosha akili haraka, ndiyo maana wakalimani hufanya kazi kwa jozi na kupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Mahubiri ya saa nzima kwa mkalimani mmoja anayejitolea yatafika mwisho yakiwa yamepungua sana. Na alipwe, hata kama ni nauli na kitu kidogo, kama mpiga kinanda anavyolipwa.

Kwa Wakatoliki huulizwa sana kuhusu kitubio. Je, kiziwi aungame vipi bila siri kuvuja? Sheria ya Kanisa inalo jibu tayari: kanuni ya 990 inaruhusu kuungama kupitia mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Suluhisho lililo bora zaidi, bila shaka, ni padre mwenyewe kujifunza lugha ya alama. Vyama vya viziwi, kama CHAVITA upande wa Tanzania, vinafahamu walimu walipo, na darasa la jioni kwa wahudumu wa mlangoni, katekista na vijana watano wa kwaya linaweza kubadilisha parokia nzima. Hata salamu tu. Mtu aliyekaa kanisani miaka mingi bila kusalimiwa na yeyote isipokuwa mkalimani wake anajua thamani ya salamu.

Si kila asiyesikia ni kiziwi wa lugha ya alama. Wazee wengi wanapoteza usikivu taratibu, na wachache wana shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Spika zikikoroma na kwaya ikipigwa kwa sauti ya juu kabisa, wao ndio wanaosikia kidogo zaidi, kwa sababu shida yao ni kutofautisha maneno ndani ya kelele. Sauti safi ya wastani inawafaa kuliko ngurumo.

Wasioona, wenye ualbino na watoto wasiotulia

Kwa asiyeona, mengi yanaanza na maneno. Msomaji anaposema "kama mnavyoona kwenye skrini", amemwacha nje. Asome kilichoandikwa, itoshe. Biblia ya nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa kupapasa, ipo, lakini si kitabu cha kubeba kwapani: ni majuzuu mengi yanayojaza rafu. Simu yenye programu ya kusoma kwa sauti imewarahisishia wengi, kwa hiyo tangazo la kanisa litumwe kwa maandishi ya kawaida kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya karatasi iliyopigwa mhuri, programu hizo mara nyingi hushindwa kuisoma. Na ukitaka kumwongoza, usimvute mkono wala kushika fimbo yake nyeupe. Jitambulishe kwa jina, muulize, kisha mpe kiwiko chako akishike yeye.

Mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu na ngozi inayoungua haraka. Kwenye mkutano wa injili uwanjani, au ibada inapojaa watu wakakaa nje chini ya turubai lenye matundu, kofia pana ni kinga yake dhidi ya saratani ya ngozi. Wahudumu waambiwe hivyo wazi, wasimwamuru aivue kwa heshima ya ibada. Mtengeeni kivuli, na kiti cha mbele aone.

Mtoto mwenye usonji (autism) anaweza kupiga kelele, kuziba masikio, kukimbia kuelekea madhabahuni. Mama yake anageukiwa na macho mia mbili na kuambiwa kwamba hakumfunza adabu. Wiki ya tatu anabaki nyumbani, na mara nyingi familia nzima inabaki naye. Kinachosaidia ni vitu vidogo: kona tulivu au chumba cha pembeni chenye spika ya sauti ya chini, ratiba isiyobadilika badilika, na mzee mmoja wa kanisa anayesimama mbele siku moja na kuwaeleza waumini usonji ni nini. Kuhusu Ekaristi kwa wenye ulemavu wa akili, Papa Benedikto wa 16 aliandika mwaka 2007 kwamba nao wapewe Komunyo kadiri inavyowezekana, wakiipokea katika imani ya familia au ya jumuiya inayowasindikiza. Mzazi anayeambiwa "mtoto wako hataelewa, kwa hiyo haiwezekani" ana haki ya kulitaja andiko hilo.

Laana, dhambi na maombi ya uponyaji

Rampu inaweza kujengwa kwa wiki mbili. Mitazamo ni kazi ya muda mrefu, na hapa kanisa lina wajibu kuliko taasisi nyingine yoyote, kwa sababu baadhi ya mitazamo hiyo imefundishwa kwa Biblia mkononi.

Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikana yote mawili. Yohana 9 iko wazi kiasi hicho, na bado mama anayejifungua mtoto mwenye mgongo wazi au mguu kifundo huulizwa na watu wa dini yake mwenyewe ameficha nini. Mguu kifundo unatibika kwa plasta na viatu maalumu ukianza kushughulikiwa mapema. Kila mwezi unaopotea kwenye kutafuta aliyeroga, matibabu yanakuwa magumu zaidi.

Wengine hutaja Walawi 21, inayomzuia kuhani wa uzao wa Haruni mwenye kilema asikaribie kutoa sadaka, na kuifanya sababu ya kumnyima mtu huduma. Sura hiyo hiyo inaruhusu kuhani huyo ale mkate mtakatifu, yaani hakutolewa nje. Na Mkristo anayesoma Agano Jipya anakutana na Luka 14, ambako mwenye karamu anaagiza maskini, vilema, vipofu na viwete waletwe mezani. Musa mwenyewe alipomwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, alipewa Haruni wa kumsemea na akaendelea kuwa kiongozi. Nashindwa kuona mfano ulio bora zaidi wa marekebisho stahiki.

Uponyaji ndio wenye uzito zaidi. Kuombea wagonjwa ni sehemu ya imani ya Kikristo, na hakuna anayetaka iondolewe. Shida huanza mtu mwenye ulemavu anapoingia tu na kuchukuliwa kuwa ombi linalosubiri kujibiwa. Anasukumwa mbele bila kuulizwa. Anaombewa kwa sauti, anaambiwa ainuke, anashindwa, kisha anaambiwa imani yake ni haba. Anaondoka na mzigo ambao hakuja nao. Alikuja kusikiliza neno, pengine kuomba mwanawe afaulu mtihani.

Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, alikuwa akilia kando ya njia, haja yake ikionekana na kila mtu. Umati ulimwambia anyamaze. Yesu alimwita na kumuuliza: "Wataka nikufanyie nini?" Kama yeye aliuliza, mhudumu wa mlangoni hana sababu ya kutouliza.

Jambo la hatari kabisa ni kuwaambia watu waache dawa. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, na hilo linaua. Mchungaji yeyote anayeombea wenye kifafa au magonjwa ya akili aseme waziwazi, kila mara, kwamba dawa zinaendelea hadi daktari atakaposema vingine.

Pesa zitatoka wapi

Makanisa yetu yana historia ndefu ya kuwahudumia watu wenye ulemavu. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Ile ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ni kazi ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1963. Wahitimu wa shule hizo leo ni walimu, wanasheria na wahubiri. Ila inasikitisha kwamba mtoto aliyefundishwa nukta nundu na kanisa anaweza kurudi kijijini kwake na kukuta kigango hakina hata ukurasa mmoja anaoweza kuusoma.

Hapa Afrika Mashariki wapo pia waliolifikiria jambo hili kitheolojia. Mwaka 1998, kwenye mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni uliofanyika Harare, Zimbabwe, ulizaliwa mtandao wa kiekumene wa watetezi wa watu wenye ulemavu, EDAN, ambao Mkenya asiyeona, Samuel Kabue, aliuongoza kwa miaka mingi akiwa Nairobi. Mwaka 2003 ulitoka waraka uliosema kwamba kanisa lisilo na watu wenye ulemavu halijakamilika. Yaani wanaopungukiwa wasipokuwepo ni waliobaki ndani.

Kuhusu gharama, kwanza tugawe. Kusogeza maikrofoni, kufupisha benchi, kusoma kilicho kwenye skrini, kuzima taa zinazomulika mulika ambazo huweza kumwamshia mtu kifafa, kumpelekea mtu Komunyo alipokaa, kumfundisha mhudumu wa mlangoni aulize kabla ya kushika: haya hayana bei. Hatua moja ya mlangoni inaweza kutatuliwa na fundi seremala kwa mbao nene zinazowekwa na kutolewa. Vyoo na rampu za kudumu vinahitaji pesa, na hapo ndipo harambee inapohusika, kama tunavyofanya kwa vyombo vya muziki na mabati.

Nafuu kubwa zaidi ni kwa wanaojenga upya. Rampu, mlango mpana na choo kizuri vikiwa kwenye mchoro tangu mwanzo huongeza sehemu ndogo ya gharama. Kuvunja baadaye ndiko kunakoumiza mfuko. Kwa hiyo kamati ya ujenzi imwite mtu anayetumia kiti mwendo, asiyeona na kiziwi mwenye mkalimani wake, wakati msingi bado ni kamba na vigingi. Wapitie eneo pamoja na fundi na waseme. Kama hamjui pa kuwapata, waulizeni SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, upande wa Tanzania, au Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu upande wa Kenya, au anzeni na yule jirani aliyeacha kuja kanisani. Mlipeni nauli, na mkishamsikia mpeni kiti cha kudumu kwenye kamati, maana rampu ikishakauka bado kuna mkutano wa vijana, safari ya kwaya, ubatizo wa mtoni na kambi ya watoto wa Shule ya Jumapili mwezi wa Desemba, na kila kimoja kina ngazi zake.